Kifaransa Kipitie Kiswahili, Wasee

Wiki tatu zilizopita nilikuwa juu kabisa ya ploti yetu, pale kwa kamba za nguo, nikirekodi sauti na simu. Ndiyo sehemu pekee yenye kimya saa nne asubuhi, watoto wakiwa shule na yule jamaa wa muziki wa chumba cha chini akiwa bado amelala. Kazi ilikuwa rahisi: kuweka sauti kwenye video ya dakika mbili, shilingi 3,500, mteja anaitaka siku hiyo hiyo. Video ilikuwa inahusu marais wanaochezea katiba ili waendelee kukalia kiti, na mara mbili katika maandishi mteja alikuwa ameacha neno moja la Kifaransa likiwa zima, bila tafsiri. Aliniambia lina uzito wake, lisiguswe.

Neno ni hili: anticonstitutionnellement.

Lihesabu, ni herufi 25. Watu wengi hulitaja kama neno refu zaidi katika kamusi za kawaida za Kifaransa, ukiacha majina ya dawa na kemikali ambayo hayana mwisho. Maana yake ni "kwa njia inayokiuka katiba". Nikalisoma vile mtu yeyote aliyepitia shule zetu angelisoma: anti-konsti-chushonelement. Nikarudia. Nikarudia tena, safari hii kwa sauti nzito ya mtu wa taarifa ya habari, nikidhani uzito wa sauti utafunika makosa. Mara ya nne nikasikia mtu anacheka nyuma ya shuka.

Jirani yangu anatoka Bukavu. Anasuka nywele, ana umri wa mama zetu, na ploti nzima tunamwita Mama tu. Akatoa kichwa pembeni ya shuka na vibanio mkononi, akasema, "Unasomaka sawa Mwingereza."

Nitakuwa mkweli, niliudhika. Nimesoma Kifaransa muhula mzima chuoni kabla sijaacha masomo. Nina kitabu, nina daftari, nilikuwa na app kwa simu. Na hapa ni mtu ananiambia kwamba baada ya hayo yote nimejifunza kusoma Kifaransa kama Mwingereza.

"Mama, sasa nisome aje?"

Hakunijibu. Aliitisha kalamu, akachukua risiti ya supermarket iliyokuwa mfukoni mwangu, akaigeuza nyuma, akaandika neno la Kiswahili: watakapotuandikishia. "Soma."

Nikasoma. Nani anashindwa na hilo? Wa-ta-ka-po-tu-a-ndi-ki-shi-a. Silabi 10, herufi 20, na mtoto wa darasa la tatu analisoma huku anafunga kamba za viatu. Akaniuliza kama nimeliogopa. Nikasema hapana. Akaniuliza kama nimesoma herufi moja moja au vipande. Vipande, bila shaka. "Basi," akasema, kisha chini yake akaandika lile lingine, akiliwekea vistari.

Tangu siku hiyo nimekuwa na maoni makali kuhusu jambo hili, na najua kuna walimu wa Kifaransa watakaonikasirikia. Sisi Wakenya tunafundishwa Kifaransa kupitia mlango usiofaa. Kitabu changu cha chuo kilieleza kila sauti kwa kulinganisha na neno la Kiingereza. App nayo iliniandikia matamshi kwa tahajia ya Kiingereza, "too" hapa, "mahn" pale, kana kwamba nimezaliwa Manchester. Ilhali tunayo lugha ambayo tayari inatembea kwa silabi, ambayo irabu zake hazibadiliki, na ambayo kila mmoja wetu aliimbishwa ba-be-bi-bo-bu kabla hajajua kuandika jina lake. Mlango huo uko wazi. Hatuutumii kwa sababu tumezoea kuamini kwamba chochote cha nje lazima kije kupitia Kiingereza.

Acha niwaonyeshe, maana maoni bila ushahidi ni kelele tu.

Kwenye karatasi, Mfaransa hugawa neno hili hivi: an-ti-cons-ti-tu-tion-nel-le-ment. Hizo ni silabi 9. Sheria yake ya kugawa haina uchawi. Konsonanti moja ikiwa katikati ya irabu mbili, inaenda na irabu inayofuata, vile vile tunavyofanya sisi. Konsonanti mbili zikifuatana, kwa kawaida zinaachana, moja inabaki nyuma na nyingine inaenda mbele, isipokuwa ya pili ikiwa l au r kama katika "ta-bleau". Herufi zikirudiwa, kama nn na ll, mstari unapita katikati yake.

Kwa mdomo ni hadithi tofauti kidogo. Ile "le" karibu na mwisho, e yake haisikiki katika Kifaransa cha kawaida cha Paris. L inarudi kujiunga na "nel", na neno linabaki na silabi 8. Ukienda kusini, upande wa Marseille, utasikia wengi wakiitamka ile e na silabi ya 9 inarudi. Hakuna kati yao anayekosea.

Na ile e haikuwekwa pale kwa urembo. Katika Kifaransa, ukitaka kugeuza sifa iwe kielezi, kwa kawaida unachukua sifa katika umbo lake la kike kisha unaongeza "ment". Constitutionnel ni ya kiume, constitutionnelle ni ya kike, halafu ment inagandishwa nyuma na anti mbele. Kwa hivyo neno hili limejengwa kwa kuunganisha vipande, kama tu wa-ta-ka-po. Tofauti ni kwamba sisi hupenda kujenga hivyo kwenye vitenzi. Hakuna Mkenya anayeona "watakapotuandikishia" kama ukuta, kwa sababu masikio yake yanajua viungo viko wapi. Kifaransa kinahitaji tu uonyeshwe viungo vyake.

Sasa hesabu herufi t katika neno hilo. Ziko 5. Ya "anti" inasikika t. Ya "cons-ti" inasikika t. Ya "tu" inasikika t. Ya "tion" inasikika s. Ya mwisho kabisa, ya "ment", haisikiki kamwe. Ile ya "tion" ina kanuni: t ikifuatwa na "ion" hugeuka s, isipokuwa ikiwa imetanguliwa na s, ndiyo maana "question" inabaki na t yake lakini "nation" haibaki nayo. Kwenye neno letu imetanguliwa na u, kwa hivyo ni s. Mtu akishakuonyesha hivyo, huhitaji kukariri.

Hesabu n sasa. Nazo ziko 5, na hapa ndipo nilipokaa chini kwenye ndoo. Kati ya n 5 zilizoandikwa, inasikika moja tu. Moja! N ya "an", n ya "con" na n ya "ment" zote zimemezwa na irabu iliyo mbele yake. Irabu yenyewe inapitia puani na n inapotea. Halafu zile nn mbili za katikati zinasikika kama n moja, na irabu iliyo kabla yake haipiti puani kabisa. Mama alinieleza kwa maneno mawili mafupi: bon na bonne. Bon ni ya pua, ulimi haugusi kitu. Bonne ni n kamili na o ya kawaida. Ukishasikia tofauti ya hayo mawili, "tionnel" haikusumbui tena, itakuwa "syo-nel".

Na hiyo syo, wasee, tunayo. Ni Syo ya Syokimau. Mtu wa Machakos anaitamka tangu utotoni, silabi moja safi. Kitabu changu cha chuo kilichukua nusu ukurasa kujaribu kuieleza kwa Kiingereza na bado nilitoka nikisema "shon".

Ukiweka yote pamoja na tahajia yetu, na ukitumia alama ya mawimbi kuonyesha irabu inayopita puani, unapata: ã-ti-kõs-ti-tu-syo-nel-mã. Silabi 8, sauti 18 kutoka kwa herufi 25. Angalia pia kwamba neno linaanza na kuisha kwa irabu ile ile, ã, ingawa moja imeandikwa kwa a na nyingine kwa e. Linganisha na "kinyume na katiba", ki-nyu-me-na-ka-ti-ba. Silabi 7. Lile dude lililonitoa jasho limeizidi "kinyume na katiba" kwa silabi moja tu.

Kiingereza kinaharibu wapi? Chukua "constitution" peke yake. Mdomo wa Kiingereza unaweka nguvu yote kwenye "chu", kisha unatafuna zingine. Ile "tion" inabaki "shn", haina hata irabu unayoweza kuishika. Ndivyo lugha hiyo ilivyo, silabi moja inakula na zingine zinalala njaa. Kifaransa hakifanyi hivyo. Kila silabi inapata muda karibu sawa na mwenzake, na i ni i kila mahali, haigeuki kuwa kitu kingine kwa sababu iko kwenye kona. Hiyo ndiyo tabia ya Kiswahili pia. Ti ya "katiba" na ti ya "anti" ni ndugu. Mwingereza akijifunza Kifaransa lazima kwanza aache kumeza irabu. Mimi sikuwa na tabia hiyo, nilifundishwa na kitabu, halafu nikaanza kuhangaika kuiacha.

Najua mtaniambia Kiingereza kinasaidia kwa maana ya maneno. Nakubali. Tangu Wanormandi waivamie Uingereza mwaka 1066, Kiingereza kimejaa maneno ya Kifaransa, na ukiona "constitution" huhitaji kamusi. Kwa macho, Kiingereza ni msaada mkubwa. Balaa linaanza ukifungua mdomo, kwa sababu ule ufanano wa maandishi ndio unakufanya usome kwa sauti ya lugha usiyoikusudia. Ningependa mwanafunzi wa Kenya atumie Kiingereza kwa msamiati na Kiswahili kwa sauti. Lakini darasani kwetu Kiswahili hakikutajwa hata siku moja. Ibara ya 7 ya Katiba yetu ya 2010 inakiita lugha ya taifa na pia lugha rasmi, lakini ukiingia darasa la lugha ya kigeni kinaachwa nje ya mlango na viatu vya matope.

Sitadanganya kwamba Kiswahili kinamaliza kila kitu. Kuna mahali kinatuangusha, na ni afadhali ujue mapema.

Kwanza ni hiyo pua. Hatuna irabu za pua kama mfumo wa lugha, kwa hivyo tukiona "an" tunatia n, ulimi unagonga juu ya meno, basi, umeharibu. Jaribu hivi: kuna ile "ehe" unayotoa ukisikiliza udaku, mdomo wazi kidogo, hewa inapitia puani, ya "endelea, nakusikia". Wengi wetu tunaitoa bila kujua. Hiyo ni irabu ya pua. Sasa geuza iwe a. Ulimi ulale chini kama umechoka. Ukitaka kujipima, shika pua ukiwa katikati ya sauti. Isipobadilika, hewa haikupita huko.

Pili ni u. Hiyo u ya "tu" si u yetu, na hapa hata mimi bado nateseka. Sema i, uishikilie, kisha kunja midomo kama unapiga mluzi, bila kusogeza ulimi. Inatoka kitu cha ajabu katikati ya i na u. Na kuna ushahidi mtamu kwamba masikio ya Waswahili yaliwahi kukutana na sauti hii zamani: neno divai. Linatokana na "du vin" ya Kifaransa. Angalia lilivyoingia. Hiyo "du" haikuwa du, ikawa di, kwa sababu mtu aliyeisikia alisikia ulimi ukiwa mahali pa i. Na "vin", ambayo n yake imemezwa puani, haikuwa "vini", ikawa "vai". Yule aliyelileta alisikiliza mdomo, hakuangalia chupa. Angekuwa ameangalia chupa tu, leo tungekuwa tunaagiza "duvini".

Tatu ni silabi funge. Kiswahili kinapenda silabi iishie kwa irabu, ndiyo maana mtu anateleza akasema "kosi" na "nele" badala ya "kõs" na "nel". Hapa Wajaluo wanatucheka na wana haki. Lugha yao ina maneno mengi yanayofunga kwa konsonanti, "ber" ni neno la kila siku, kwa hivyo "nel" kwao ni chai tu. Kila mtu na mtaji wa lugha ya kwao.

Nne ni mkazo. Sisi tunabonyeza silabi ya pili kutoka mwisho, ka-TI-ba, kila siku, bila kufikiri. Ukileta tabia hiyo hapa utabonyeza "nel". Mfaransa anasubiri mpaka mwisho, mkazo wake unaangukia silabi ya mwisho ya kikundi cha maneno. Kwa hivyo neno hili likiwa mwisho wa sentensi, uzito uko kwa "mã", na uzito wenyewe ni mwepesi, ni kama kuivuta kidogo tu. Dawa aliyonipa Mama ni kufanya mazoezi kutoka nyuma. Mã. Nel-mã. Syo-nel-mã. Tu-syo-nel-mã. Ukiongeza kipande mbele kila mara, mwisho unakuwa umeusema mara nyingi kuliko mwanzo, kwa hivyo unafika mwisho ukiwa na nguvu. Ukianza mbele, unafika "tution" pumzi zimeisha na unamalizia kwa kuguna. Kuna kozi za lugha zinazotumia ujanja huo huo, ile ya Pimsleur ni mojawapo. Mama hajawahi kuisikia.

Cha kushukuru ni kwamba neno lote halina r hata moja. Herufi 25 za Kifaransa na ile r ya kooni haimo. Tumehurumiwa.

Sasa kuna jambo lingine ambalo linanikera zaidi ya vitabu. Hapa Kenya mtu akitamka vibaya tunasema ameshrub, halafu darasa lote linaanguka kicheko. Mimi mwenyewe nimecheka watu. Darasani mwaka wa kwanza kulikuwa na msichana kutoka Kitui, alikuwa anasoma Kifaransa kwa irabu zake safi, silabi kwa silabi, na sisi wa Nairobi tulikuwa tunamcheka kwa sababu hasikiki "kizungu". Leo nikikumbuka, alikuwa karibu na Kifaransa kuliko sisi wote. Tulikuwa tunamcheka kwa kukosa lafudhi ya Kiingereza, kwenye somo la Kifaransa! Mwalimu naye alikuwa anatabasamu. Baada ya wiki sita hivi msichana akaacha kunyanyua mkono, na muhula uliofuata hakuwa tena kwenye orodha ya somo hilo. Mimi niliondoka baadaye kwa sababu za karo, hiyo ni stori nyingine. Lakini yeye tulimtoa sisi.

Ndiyo maana natenganisha lafudhi na mgawanyo. Mama wa Bukavu hasemi kama mtu wa Paris na hana mpango wa kusema hivyo. Kifaransa kilifika kwao na Wabelgiji, kwa hivyo 70 kwake ni "septante" na 90 ni "nonante", wakati Paris wanasema "soixante-dix" na "quatre-vingt-dix". R yake inapigwa kwa ncha ya ulimi, kama yetu. Amesoma shule kwa Kifaransa, ameandika barua za serikali kwa Kifaransa, na hakuna mtu wa kumwambia si chake. Lafudhi ni anwani ya mtu. Lakini hata kwa lafudhi yake, "an" ni ya pua, "tion" ina s, na t ya mwisho imekaa kimya. Ukivunja hivyo, msikilizaji hapati neno. Ukibeba lafudhi ya Kitui au ya Bondo juu ya silabi zilizogawanywa vizuri, anakuelewa mara moja. Tukicheka, tunacheka kile kisichomzuia mtu kueleweka, na kile kinachomzuia hatumfundishi.

Na hii si starehe ya wapenda lugha pekee. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Goma, Bukavu, Lubumbashi, watu huko wanazungumza Kiswahili nyumbani na sokoni, na Kifaransa kwenye ofisi na mitihani. Burundi vile vile Kifaransa ni lugha rasmi. Yaani majirani zetu wa karibu wanaojua Kifaransa wengi wao tayari wanajua Kiswahili. Hao ndio walimu wetu wa asili, wako Kasarani, wako Kayole, wanasuka nywele na kushona vitenge, wanajua kabisa mahali mdomo wa Kiswahili unapoteleza kwa sababu wao walishateleza hapo na wakaamka. Halafu kijana wa hapa anayetafuta kazi ya hoteli, au ya kupokea simu za wateja, au kama mimi ya kuuza sauti, analipa pesa ndefu kufundishwa Kifaransa kwa mifano ya Kiingereza. Ningekuwa na darasa langu, wiki ya kwanza nzima hakuna kitabu. Ni risiti tu, kalamu, na vistari.

Turudi kwa ile kazi. Nilikaa juu ya ploti mpaka saa saba, nguo za watu zikakauka zikaanuliwa, mimi bado nasema mã, nel-mã, syo-nel-mã. Watoto waliorudi kula mchana walianza kuniigiza kwenye ngazi, na niwaambie ukweli, kale kadogo ka miaka 6 kalipata pua kabla yangu. Nikarekodi, nikamtumia mteja. Akajibu kwa kidole gumba tu, na jioni pesa zikaingia. Sijui kama alisikia tofauti.

Mama alisikia. Nilimpelekea ile sauti saa mbili usiku akiwa anamalizia kichwa cha mteja, akaiweka sikioni, akasikiliza mara mbili na kitana mdomoni. Akakitoa. "Ya kwanza ni muzuri," akasema. "Ya pili, pale mwisho, umerudisha t."

Nimesikiliza tena. Ipo.